Mwezi Katika Malisho ya Ndama

Nilipokuwa kidato cha pili, miaka ya mwanzo ya elfu mbili, magazeti yalianza kuandika kwamba China na India nazo zinajiandaa kupeleka vyombo mwezini. Baba alikuwa karani Nairobi, akirudi Kitengela kila jioni na gazeti kwapani, na kila habari ya aina hiyo alinikatia kwa wembe, taratibu, bila kupinda ukingo. Sisi tulikuwa watu wa magharibi mwa Kenya, wapangaji wa vyumba viwili. Aliniita Mama kwa sababu nilibeba jina la mama yake. Nilimwamini kuliko nilivyoamini vitabu.

Jambo moja lilinikera mno. Hawa wageni wapya wakifika, nani atazuia magurudumu yao yasikanyage nyayo za watu wa kwanza? Kule hakuna upepo wala mvua, unyayo unakaa tu. Lakini nilisoma kwamba kwa makubaliano ya mataifa mwezi hauna mwenyewe. Chombo kilichoachwa pale kina nchi yake, nyayo hazina. Mtu akizifuta, hakuna pa kumshtaki.

Jibu nililipata kwa jirani. Nyuma ya nyumba tulizopanga aliishi bibi wa Kimaasai niliyemwita Koko, ambaye nilimpelekea maganda ya viazi kwa ajili ya ndama wake. Kila nilipofika niliinamisha kichwa, naye akaniwekea kiganja juu yake, ndivyo mtoto anavyomsalimia mkubwa kule. Mbele ya boma lake palikuwa na olopololi, kipande cha malisho walichotengewa ndama na wanyama wagonjwa. Hakikuwa na ua hata wa miiba. Nikamuuliza nani anakilinda.

"Hakuna," akasema. "Hii nyasi ni ya ndama. Ng'ombe kubwa haiingii, hata kiangazi. Mwenye anaingiza, watu watamwangalia aje?"

Basi nikaandika mradi wangu wa mashindano ya sayansi: mwezini napo patengwe olopololi. Kila mahali walipotua watu wa kwanza pazungushiwe mpaka ambao kila taifa linaujua, na atakayekuja apite mbali. Nilikuwa nimesoma kwamba eneo lote walilotembea wale wa mwanzo kabisa lingeingia ndani ya uwanja wa mpira, kwa hiyo nikayapima malisho ya Koko ili waamuzi waone ukubwa kwa macho. Koko alinishikia kamba upande mmoja, akicheka kwamba watoto wa shule wana kazi nyingi zisizo na kichwa wala miguu. Nikachora kila kitu kwenye karatasi ya grafu: kichuguu, kisiki cha mgunga, jiwe jekundu, na urefu wa kila upande. Baba akaiazima ile karatasi. Alitaka wenzake ofisini waone kazi ya binti yake, na alikaa nayo wiki nzima. Nilijiona mtu wa maana sana.

Mashindano yalifanyika mjini Kajiado. Mwamuzi mmoja aliniuliza ua wa huko mwezini utajengwa kwa kitu gani. Nikamjibu kwamba utajengwa kwa aibu, kama ule wa Koko. Watu wakacheka, kisha wakapiga makofi. Baba alikuwa ameomba ruhusa kazini, amevaa suti yake ya kanisani, na alipiga makofi peke yake wengine walipokwisha kunyamaza. Nilishika nafasi ya pili. Alininunulia soda na kuniambia kwamba dunia ingekuwa mahali pazuri kama watu wangejifunza kuheshimu kilichotengwa. Alisema hivyo, kwa mdomo wake, na mpaka leo nikikumbuka napandwa na hasira.

Wiki tatu baadaye alituambia tuvae vizuri twende tukaone ploti yetu. Tulitembea dakika tano tu. Kwenye kichuguu akasimama, akatoa mfukoni fotokopi ya karatasi yangu, pembeni mwa vipimo vyangu kukiwa na mwandiko wake na wa mtu mwingine. Mtoto wa kiume wa Koko alikuwa pale tayari, na mafundi wawili wakichimba mashimo ya nguzo. Yeye na Baba walikuwa wamepatana bei mjini, bila kuja kupima wala kumuuliza mtu, kwa kuwa mimi nilikuwa nimeshapima.

Nilimwambia Baba kwamba pale ni malisho ya ndama, na kwamba anajua. Aliniangalia kwa upole ule ule wa siku zote.

"Mama, hati iko na jina ya kijana yake. Huyo shosho hana karatasi yoyote. Sijaibia mtu."

Na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mambo ya vyombo vyenye mwenyewe na nyayo zisizo na mwenyewe nilimweleza mimi, mezani, jioni baada ya jioni, naye akitikisa kichwa kana kwamba anahuzunika.

Koko alikuwa amesimama karibu na jiwe jekundu na ndama wawili. Nikamwendea.

"Na mimi ndio nilikushikia kamba," akasema.

Niliinamisha kichwa hivyo hivyo. Nilisubiri kiganja chake mpaka nikaona miguu ya ndama ikigeuka, na ya kwake ikiifuata.