Kioo Kilichonyamaza Bulumbi

Lori lilikuwa limejaa nusu nilipowasha chombo changu, na kioo chake hakikuonyesha chochote.

Nilifundisha fizikia Tororo hadi nilipostaafu, na uzeeni nimejitengenezea chombo cha kupima unyevu wa mahindi: vijiti viwili vya chuma vinavyochomekwa guniani, bodi ndogo inayoendesha programu, na kioo cha OLED chenye upana wa vidole viwili, kinachoandika asilimia kwa maandishi meupe. Kwa wiki tatu nilikilinganisha na mizani, nikipima mahindi yale yale kabla na baada ya kuyakausha jikoni, kwa kuwa siiamini nambari ambayo sijaiona ikipatikana.

Nilikileta Bulumbi kwa ajili ya dada yangu mdogo. Mnunuzi, mama mmoja kutoka Busia ya upande wa Kenya, alikuwa ameyakataa magunia sita ya dada bila hata kuyafungua, eti amesikia mahindi ya upande ule yalinyeshewa. Lori halingerudi tena msimu huo. Paa la dada linavuja, na mwaka uliotangulia alichimba shimo akafukia mavuno yaliyoota ukungu.

"Umesikia kwa nani?" nilimuuliza mnunuzi.

"Mwalimu, kila mtu anasema."

"Huyo kila mtu hajaingiza mkono katika magunia haya. Je, nikikuonyesha nambari?"

Akacheka. "Nionyeshe. Ikiwa kumi na tatu na nusu au chini, napakia. Lakini lori likijaa naenda zangu. Sikungoji wewe na hiyo redio yako."

Kioo kilikuwa kipya. Cha zamani kilipasuka asubuhi ile, nikanunua kingine mjini nilipokuwa njiani. Vioo hivi mtu haviandikii kila kitu kwa mkono wake. Hutumia maktaba, yaani programu zilizokwisha kuandikwa na wengine. Unaipa maktaba anwani ya kioo, nayo inazungumza nacho kwa niaba yako. Siku zote niliandika anwani 60. Lakini nyuma ya kioo kipya palichapishwa nambari ya kikompyuta ambayo kwa hesabu ya kawaida ni 120, nami, kabla ya kujaribu lolote, nikaibadilisha programu ifuate chapa.

Nilikagua nyaya. Nikazichomoa, nikazirudisha. Magunia ya jirani yalipita mbele yangu mabegani mwa wapakiaji.

"Mzee, stesheni imekataa kushika?" mmoja akanitania.

"Kaka," dada alinong'ona kwa Kisamia, lugha ya kwetu, "wamebakiza safu mbili."

Hapo ndipo nilipojiuliza swali ambalo kwa miaka mingi niliwauliza wanafunzi: umejuaje? Nilijua 120 kwa sababu tu iliandikwa. Nilifungua kompyuta juu ya gunia, nikaendesha programu fupi inayobisha hodi katika kila anwani, moja baada ya nyingine, na kungoja jibu. Jibu lilikuja kutoka 60 peke yake. Mtengenezaji alikuwa amehesabu kwa namna yake, akaongeza sifuri moja mwishoni katika hesabu ya kompyuta, ile ya 0 na 1 tu, nambari ikawa mara mbili ya ile ambayo maktaba inaitaka. Nilirudisha 60. Kioo kikawaka.

"Chagua gunia mwenyewe," nilimwambia mnunuzi.

Alichagua lililokuwa chini kabisa. Nikachomeka vijiti.

Sharti nieleze jambo moja. Maktaba ile haiandiki moja kwa moja kwenye kioo. Huandika kwanza katika kumbukumbu, na kioo hubaki kama kilivyokuwa mpaka utoe amri ya kuonyesha. Amri hiyo niliiweka kwenye kitufe. Kompyuta, kwa upande wake, iliniletea nambari papo hapo, na ilikuwa imenielekea mimi tu: 15.8.

Nikamtazama dada. Alikuwa akitazama mkono wangu, si kioo. Alijua.

"Kaka, hizo nyaya si zimesumbua tangu asubuhi?" alisema taratibu, bado kwa Kisamia. "Sema zimeharibika."

Mnunuzi hakuelewa maneno yale. Wapakiaji walikuwa wakifunga turubai upande mmoja. Nilibonyeza kitufe.

Mnunuzi alisoma, akatoa punje moja, akaiuma. "Nilisema nini?"

"Umepatia kwa gunia hilo moja tu," nilijibu. "Bado matano."

Akaagiza turubai lifunguliwe. Manne yalikuwa chini ya kumi na tatu na nusu, akayapakia. La tano lilikuwa sawa na lile la kwanza. Dada alikiri, huku akitazama vumbi la lori, kwamba magunia hayo mawili yalianikwa kwa siku mbili tu baada ya mvua.

"Mama yule alikuwa tayari kukuamini," aliniambia. "Umeniumbua bure."

Aliyaanika upya uani. Kila jioni aliniita niende na chombo, na kila jioni alikataa kupima kwa kuuma punje. Siku ya nne kioo kilionyesha 13.1. Aliisoma mwenyewe, akaniamuru nipime tena upande wa pili, akaisoma tena, kisha akashona magunia.

Chai hakunipa.