Maiti Wetu Wataoshwa

Siku tuliyomzika mwalimu mstaafu wa ushoni kule Bububu, karatasi ya amri ilikuwa mkononi mwangu. Nilikuwa kiongozi wa kikosi cha kupambana na maradhi yale ya kifua yaliyoingia Unguja kama yalivyoingia duniani kote. Amri ilisema anayekufa kwa maradhi hayo azikwe na watu wetu, asioshwe, na jamaa zake wakae mbali. Niliitia saini bila ya kubisha. Nilikuwa naogopa kama mtu mwengine yeyote.

Binti zake watatu walisimama nyuma ya kamba. Watu wangu, wamevaa nguo za plastiki utosini hadi nyayoni, walimteremsha kaburini akiwa ndani ya mfuko. Binti mkubwa akaniuliza, taratibu tu, "Nani kamuosha mama?"

"Hakuoshwa," nikamjibu.

"Basi hamkuzika mtu. Mmefukia mzigo."

Nikaikunja ile karatasi ya amri, nikaitia mfukoni.

Baada ya hapo simu za kikosi zikanyamaza. Mkubwa wangu alifurahi, akidhani maradhi yanapungua. Mimi sikufurahi, kwa sababu muuza sanda wa mtaani kwetu hakuwa na nafasi hata ya kunywa chai. Watu walikuwa wakificha wagonjwa majumbani, hawawaleti hospitali mpaka roho zinatoka. Walikuwa wanatuogopa sisi kuliko maradhi.

Nikenda Mkokotoni, kwa bibi mmoja aliyekuwa akiosha maiti wa kike tangu ujana wake. Nilimkuta uani anapepeta mchele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye unayezika watu na mifuko?"

"Ndiye mimi."

"Haya, kaa."

Akaniambia kwamba wiki ile alishaosha maiti wanne, mikono mitupu, kitambaa cha kanga puani. "Ukinikataza ntaosha kwa siri," akasema. "Nshaosha mama zao, nshaosha na bibi zao. Leo niwaache wao?"

"Sikuja kukukataza. Nimekuja kukuonesha namna ya kuosha usije ukafa."

Akauweka ungo chini.

Kesho yake nilirudi na glavu, barakoa, aproni za plastiki na dawa ya klorini. Aliwaita wanawake watano wanaomsaidia. Mmoja akajilaza kitandani awe maiti, na kila tulipomgeuza alicheka, mpaka bibi akamwambia, "Maiti hacheki, tulia." Niliwafundisha kuvaa na, lililo gumu zaidi, kuvua. Tulipofika kwenye tumbo nikawaambia wasilikamue, kwani pumzi iliyobaki kifuani ndiyo ya hatari. Bibi akakataa. Akaitwa shehe wa msikiti wao, akasikiliza mpaka mwisho, akasema kwamba kwenye dharura kama ile kuliacha tumbo hakuharibu josho. Hapo bibi akakubali.

Niliandika mwongozo wa kurasa mbili, nikautia saini peke yangu, nikaupeleka kwa waosha maiti kila nilikoweza kufika, mpaka Uroa. Mkubwa wangu akaniita.

"Nani kakupa ruhusa?"

"Sikuomba."

"Uondoe."

"Siuondoi. Wagonjwa wameanza kuletwa tena. Tazama daftari la mapokezi."

Hakutazama.

Kisha mmoja wa wale wanawake watano akaugua. Mkubwa wangu alinipigia simu kunambia maneno mawili tu, "Unaona sasa." Nilikwenda kumtazama yule mama, nikakaa mlangoni pake nikimsikiliza akikohoa. Mumewe alikuwa ameugua kabla yake, lakini sikuweza kuapa kwamba hakuyapata maradhi kwa maiti. Mpaka leo siwezi. Alipona baada ya siku nyingi, na siku aliyosimama alimwendea bibi kuuliza nani kachukua aproni yake.

Niliitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Wanaume wanne na mwanamke mmoja, na barua iliyokwishachapwa. Ilisema nilikosea kwa haraka na kwamba najuta. Nilitakiwa kutia saini tu, mambo yaishe.

"Nnajuta," nikawaambia, "kwa ajili ya yule mwalimu wa Bububu. Andikeni hilo ntatia saini sasa hivi."

Yule mwanamke akainamisha macho. Hakuna aliyeandika. Wiki ile ile nikahamishiwa kitengo cha kukagua vyoo vya skuli. Niliifanya kazi hiyo kwa jicho kali. Walimu wakuu kadhaa watanikumbuka kwa ubaya, lakini vyoo vyao sasa vina maji.

Miezi michache baadaye mwongozo wangu ulitolewa rasmi na wizara. Maneno yalikuwa yale yale, hata kosa langu la herufi katika ukurasa wa pili, ila saini ilikuwa ya mtu mwengine. Niliandika barua kuomba waongeze mstari mmoja, kwamba namna hii ya kuosha ilijaribiwa kwanza na wanawake sita wa Mkokotoni. Sikujibiwa. Nikaandika tena, na tena.

Maradhi yalipotulia, nililetewa mwaliko wa hafla ya kupewa cheti cha shukrani. Niliuliza kama wale wanawake wamealikwa. Nikaambiwa nafasi ni chache.

Nikajibu kwa maandishi kwamba yangu iko wazi, wampe mmoja wao. Siku ya hafla nilikuwa Uroa, nakagua choo.