Gita la Fundi Ngowa Lililokataa Mshale

Saa nne asubuhi, Kibokoni, Mji wa Kale. Fundi Ngowa Dzoro amelilaza gita mapajani kama mtoto wa kuogeshwa. Mkono wa kushoto umeshika kipande cha chuma cha kutelezesha juu ya nyuzi, wa kulia unachuna nyuzi mbili kwa pamoja.

Woo-woo-woo, zinalia. Anakaza ufunguo kidogo, tena kidogo. Mtikisiko unapungua, unapungua, kisha kimya.

"Hapo zimepatana," asema, macho kayafumba. "Ukisikia zatikisika, jua bado zimenuniana."

Juu ya benchi yake kuna kimashine cha kupimia sauti, hakizidi viberiti viwili. Mshale wake unakataa: uzi wa tatu uko chini.

"Hiki nacho hakijapata kuitwa arusini," Ngowa acheka.

Ana miaka hamsini na minne. Alitoka Kaloleni kuja kuranda mbao, akaishia kutengeneza udi na magita. Mwaka wa kumi na saba huu anapigia kikundi cha taarabu. Arusi moja humpa shilingi mia nane, na ndizo zinazolisha nyumba miezi ambayo hakuna aliyevunja ala.

Mwaka huu wa 1994 kikundi kimenunua kinanda cha umeme. Mpigaji ni Mzamil, kijana wa miaka ishirini na mitatu, na kimashine ni chake.

Kinanda kimekatwa ngazi kumi na mbili zilizo sawa, kama kitambaa kwenye futi, ili wimbo uanzie popote. Sikio la Ngowa halikati hivyo. Uzi wa tatu anaushusha kiasi cha unywele, ndipo nyuzi zikilia pamoja zitulie.

Alishajaribu kuufuata mshale. "Ilikuwa kama halua iliyoepuliwa mapema," asema. "Sukari ipo, lakini haijawa halua."

Shida ni kwamba gita na kinanda vikilia pamoja, vinakwaruzana. Na arusi ni kesho.

Saa kumi alasiri, kwenye mazoezi, kiongozi wa kikundi, Bwana Jamaldin, hafichi neno.

"Mzee Ngowa, ama ufuate mshale, ama kesho uje kula pilau tu."

"Pilau nitakula, bwana mkubwa. Lakini nimelipakata gita langu."

Wanapiga. Kwaruu! Bi Mejumaa, mwimbaji, anakatiza ubeti na kujishika kiuno.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Wawili, wote wasema kweli, ukiwatia chumba kimoja wagombana."

"Mke na mama mkwe," Mzamil arukia. Watu wanacheka, lakini silo jawabu.

"Haya, nakupa mji," asema Jamaldin. "Chukua Lamu."

"Lamu nimekwenda, nimekula, nimelala, nimerudi. Jawabu ni gita na kinanda! Basi nani atatoka chumbani? Maana mimi siimbi katikati ya ugomvi."

Ngowa anaviangalia vidole vya Mzamil.

"Mwanangu, hapo umeweka vidole vingapi?"

"Vitatu."

"Hebu inua hicho cha kati. Sauti hiyo ndiyo ya uzi wangu wa tatu, niachie mimi."

"Kidole kimoja tu, mzee?"

"Cha juu na cha chini twasikilizana. Ni hicho cha kati tunachong'ang'ania sote wawili."

Mzamil anakiinua. Wanapiga tena. Hapana mkwaruzo. Bi Mejumaa hangoji kuambiwa. Anaingia na ubeti wake, mabega yakicheza.

Jamaldin anakuna kidevu. "Kumbe muda wote huu ni kidole!"

"Na wewe ulitaka kutoa mtu mzima," Bi Mejumaa amjibu.

Siku ya pili yake, arusini, kina mama waliwatunza wapigaji kwa pesa mpaka noti zikakwama kwenye nyuzi. Shangazi wa bibi arusi aliuliza ni nani anayelia ndani ya lile gita. Mzamil ndiye aliyemwonyesha Ngowa, kwa majivuno kama kwamba kamzaa yeye.

Sasa Ngowa ana mpango. Kabla ya Ramadhani anataka kikundi kirekodi kaseti, nyimbo sita. Maneno ya jalada ameshayaandika kwa mkono wake, akamsomea Jamaldin:

"Sauti: Mejumaa. Gita: Ngowa Dzoro. Kinanda: Mzamil, vidole viwili."

Mzamil anadai apunguziwe aibu hiyo. Ngowa amekataa katakata.

"Wapigaji wa vidole vitatu wako tele mjini," asema. "Wa viwili ninaye mmoja tu, na simpi mtu."