Kona Nyuma ya Kilima

Mume wangu aliingia mashindano ya magari kwa kuvutwa na mwenzake wa kazi. Walifanya kazi ghala moja kule Lidcombe, hapa Australia. Yule mwenzake, Mwaustralia wa makamo, alikuwa ameshindana miaka mingi kwenye uwanja wa udongo nje ya Campbelltown, uwanja wa mviringo ambako magari huzunguka yakikata kushoto tu. Alimsaidia mume wangu kutafuta gari kuukuu, wakang'oa viti, wakafunga mabomba ya chuma ndani ya kumkinga dereva likipinduka, wakalipaka rangi ya kijani. Mimi ni nesi. Jumamosi nisizokuwa na zamu nilikwenda kutazama, na haikunisumbua. Uwanja ulikuwa mdogo. Pale nilipoketi nilimwona tangu mwanzo hadi mwisho.

Kisha uwanja ule ukafungwa ili zijengwe nyumba. Klabu ikakodi barabara ya mashindano magharibi mwa jiji, ya lami, yenye kona za kushoto na za kulia, na kilima katikati.

Asubuhi ya siku ya kwanza madereva waliruhusiwa kuitembelea kwa miguu. Nilikwenda na mume wangu. Yeye ni Mkongo wa Bukavu, mimi Mkenya, na Kiswahili chetu kimekutana njiani.

"Gari yetu inajua kushoto tu," akaniambia. "Magurudumu, masipringi, yote tulifunga ya kushoto."

"Na kulia je?"

"Tutaifundisha leo."

Mwenzake hakutembea nasi. Alibaki karibu na trela yake akinywa kahawa.

Mbio zilianza lami ikiwa bado na unyevu wa mvua. Magari yalipita mbele yetu, yakapanda, yakapotelea nyuma ya kilima. Nikangoja. Yalipotokea upande wa pili nililitafuta la kijani, nikaliona karibu na mwisho. Mzunguko uliofuata ukawa vilevile. Uliofuata huo, yalitokea yote ila lake.

Hospitalini nimezoea kungoja, lakini kule mikono yangu huwa na kazi. Nilimwendea msimamizi aliyekuwa na redio, nikamuuliza habari za gari la kijani. Akasikiliza, akasema limezama kwenye kokoto zilizomwagwa kando ya kona kuzuia magari yanayotoka njiani, na dereva ametoka anatembea. Nikamshukuru, nikarudi kuketi.

Walimleta na gari la kuvuta.

"Umeumia?"

"Hapana."

Nikamshika shingo hata hivyo, nikamgeuza kichwa huku na huku.

"Ni ile kona ya kulia, kule nyuma," akasema. "Nilikata, gari ikakataa. Ikaenda mbele tu kama hainijui."

Mwenzake, aliyekuwa akishinda mara kwa mara kule kwenye udongo, alimaliza wa mwisho. Alivua helmeti, akapandisha gari kwenye trela, akamwambia mume wangu kwamba kwake yeye imetosha. Hakuonekana na hasira. Baadaye aliliuza, na siku hizi Jumamosi zake ni za bustani.

Mume wangu aliingia mbio za pili kokoto zikigongagonga chini ya gari. Aliendesha polepole, akawaachia wenzake wampite, akafika. Tukiwa njiani kurudi nyumbani nilimwambia sitakaa tena pale kutazama kilima.

"Basi usikuje," akasema, bila ubaya. "Mimi nitarudia."

Nililiwaza neno hilo siku kadhaa. Halafu nikapiga simu klabu, nikaambiwa wanahitaji watu wa kusimama kwenye kona na bendera za kuwaonya madereva, na kwamba mafunzo wanatoa wenyewe. Nilipomaliza mafunzo niliomba kona ya nyuma ya kilima.

Sasa nasimama huko nimevaa koti la rangi ya chungwa. Sijui nani anaongoza wala nani ameshinda. Naona magari yakishuka, yakikata kulia, yakiondoka. Lake likija nalitazama kama mengine. Ameshazama kwenye kokoto mara nyingine. Nilipeperusha bendera ya njano, akanipungia mkono, tukangoja gari la kuvuta, kila mtu upande wake wa ukuta wa matairi.

Jioni, tukila, huniuliza, "Kona umeionaje?"

"Unachelewa kushika breki."

"Kila mara?"

"Karibu kila mara."

Huitikia kwa kichwa, akaendelea kula.