Kiti cha Bwana Harusi

Wiki tatu sijaandika lolote kwenye daftari hili, na sababu ni moja tu: aibu. Ile aibu ya kweli, ya kukufanya uzunguke nyuma ya nyumba za watu ukienda kisimani ili usiulizwe habari. Lakini hapa Tinde kila mtu anausimulia mkasa wangu anavyotaka (juzi nimesikia ati ng'ombe walikuwa mia, uongo mtupu, hawakufika hata ishirini), kwa hiyo bora niusimulie mimi niliyeusababisha.

Mwanzo wake ni gari. Gari la Kiingereza, dogo, jekundu, la michezo, viti viwili tu na halina paa, na limekaa chini kiasi kwamba ukiwa ndani unatazamana na mbwa uso kwa uso. Mzungu mmoja mhandisi wa almasi alimwachia Mzee Hasham, mfanyabiashara wa Kihindi wa Shinyanga mjini, mimi sijazaliwa, likakaa ghalani miaka chungu nzima kuku wakitagia ndani. Mwaka huu mwanawe, Salim, alikuwa anaoa hapa Tinde, kwa mwenye duka la vitambaa, na mzee akataka mwanawe aende kwa bibi harusi ndani ya gari hilo. Akamwambia baba yangu, nami nikiwa nimesimama pale pale na sinia la chai:

"Fundi, likifika kwa bibi harusi kwa injini yake lenyewe, karakana ya malori yangu utaisimamia wewe. Likisukumwa hata hatua moja, tusahau."

Mjue kwamba baba alikuwa fundi mitambo wa jineri, kile kiwanda cha kuchambua pamba, na jineri ilifungwa, akakaa nyumbani mwaka mzima akinoa majembe ya watu. Wenzake wengi walikimbilia Bulyanhulu kutafuta dhahabu. Yeye alikataa. Gari lilipoletwa likivutwa na lori, jirani yetu alisimama kwenye ua akasema, "Baba Kabula, wenzio wanachimba dhahabu, wewe unakwenda kuchimba kutu!" Baba akacheka, lakini mimi nilimwona usiku hakula.

Miezi mitano tulilitengeneza kwenye banda lililokuwa la mbuzi. Nasema tulilitengeneza, na hapo sioni aibu hata chembe. Mitambo ya jineri nayo ilikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo baba ana spana za inchi, wakati mafundi wengine wote hapa wana za milimita, ambazo kwenye nati za gari lile ama haziingii ama zinateleza. Na gari lina kabureta mbili, zisipovuta hewa sawasawa injini inakohoa kama mzee wa ugoro. Masikio ya baba yaliharibiwa na kelele za jineri, basi kazi ya kusikiliza ikawa yangu: naweka ncha ya mpira sikioni, ncha nyingine kwenye mdomo wa kabureta, nasikiliza inavyofyonza, nahamia ya pili, nageuza skrubu kidogo, nasikiliza tena, mpaka zote mbili zikapumua sauti moja. Siku ilipopumua, baba aliweka kiganja juu ya boneti akakiacha pale muda mrefu, kisha akaniambia, "Ng'wanawane, hii umeiwasha wewe." Ng'wanawane ni mwanangu kwa Kisukuma, na baba neno hilo halitumii ovyo.

Sasa, viti. Ngozi tulipata, mimi nikaishona kwa mkono, ila sponji hapakuwa na ya kutosha. Baba akasema tuna gunia zima la pamba ya mama ambayo wanunuzi hawajaja kuichukua, nipeleke kwa fundi magodoro sokoni aichambue, atoe mbegu, nijaze. Neno dogo tu. Lakini kufika kwa fundi magodoro lazima upite mbele ya kijiwe cha vijana wanaocheza bao, na wale tangu waliponiona na grisi kwenye mikono hawana dogo. "Fundi wa kike, shikamoo! Pikipiki yangu inaumwa tumbo, njoo uipapase!" Mimi nikitazamwa na watu watatu kwa pamoja miguu inasahau kutembea (darasani kidato cha tatu mwalimu akinitaja nasimama najibu ubao). Basi nilifika nyuma ya duka la kwanza, nikasikia vicheko, nikageuza na gunia langu kichwani. Nikajiambia pamba ni pamba. Nikajaza na mbegu zake, nikashona, nikanyamaza.

Siku mbili kabla ya harusi nikaviosha kwa maji na sabuni ving'ae. Asubuhi yake vikaanza kunuka, siyo harufu mbaya, harufu ya chakula, kama pale watu wanapolowekea mifugo mbegu za pamba wakati wa kiangazi. Nikavipaka poda ya mtoto wa jirani. Ndugu zangu, niliona nimemaliza.

Siku yenyewe ilikuwa ya mnada wa ng'ombe, na mwaka huu jua limekausha mpaka mizizi. Salim alipandia gari pale njia panda, kavaa kanzu ndefu ya dhahabu, kilemba, na shada za maua mpaka usoni. Baba kwenye usukani na shati lake la Pasaka. Mimi? Baba alinipandisha nyuma ya viti, kwenye kibaraza cha kuwekea mizigo, nimebeba dumu la maji, ati rejeta ikichemka niruke. Juu kabisa, mbele ya Tinde nzima! Nikainamia dumu langu kama nalisomea. Ngoma mbele, gari linatembea mwendo wa mguu, nyuma yetu magari ya jamaa zao.

Tulipofika usawa wa mnada, kundi la ng'ombe likawa linavuka. Baba akasimama awapishe. Wakavuka wote isipokuwa mmoja, jike la kijivu lenye mbavu za kuhesabika, likasimama, likainua pua. Likaja moja kwa moja. Likapitisha kichwa kati yangu na bwana harusi, likalamba mgongo wa kiti, likalamba na shingo ya Salim.

"Fundi," Salim akasema taratibu bila kugeuka, "kuna mtu ananilamba."

Nikalisukuma pua. Likang'ata mshono wangu, likavuta, ngozi ikafunguka praaa, pamba ikatoka furushi zima, na jike likaanza kutafuna limefumba macho. Wengine wakageuka barabarani kama walioitwa kwa majina. Dakika moja hatukuonekana, pembe kila upande, mmoja kala shada la maua, mwingine kaingiza kichwa mpaka miguuni kwa baba. Wachunga wanachapa, wapiga ngoma wamekaa chini kwa kicheko, mtu juu ya ukuta wa mnada akapaza sauti:

"Mahari imejileta yenyewe! Kumbe Wahindi nao wanaoa kwa ng'ombe!"

"Hao hawatoshi, ongezeni!" mwingine akajibu.

Baba akapiga kelele juu ya zogo lote, "Kabula! Humu ulijaza nini?"

"Pamba, baba."

"Pamba gani?"

Nawaapia, hata ng'ombe waliacha kutafuna wanisikilize. "Yenye mbegu."

Mnada mzima ukalipuka. Nilitamani rejeta inimwagikie. Lakini kitu kimoja kilinifikia katikati ya vicheko: injini. Ilikuwa inanguruma palepale, sawasawa, haikohoi, muda wote ule kwenye jua lile. Gari likizimwa na ng'ombe hawa, litasukumwa. Likisukumwa, karakana basi. Nikasimama juu ya kibaraza (mimi!), nikamwambia bwana harusi, "Shemeji, samahani, nyanyuka kidogo," nikachomeka mikono yote miwili ndani ya kiti chake nikaanza kuchota pamba na kuitupa mbali, kando ya barabara, huku nawapigia ng'ombe ukelele kama mchunga. Furushi baada ya furushi. Wakaifuata. Nikashuka, nikamwaga dumu lote kwenye rejeta, nikarukia tena kibarazani, nikamwambia baba, "Twende!"

Akaondoa gari. Salim alifika kwa bibi harusi amekalia springi tupu, kilembani kajaa pamba kama mbuni, anacheka machozi, na wenyeji wakadhani ni desturi ya kwao Shinyanga, wakapiga makofi.

Mzee Hasham alishuka gari la nyuma akaja mpaka tulipo. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Hakuitikia. Akainama kwenye boneti akasikiliza.

"Haikuzima?"

"Haikuzima, mzee," baba akasema.

"Wale ng'ombe wote, haikuzima." Akazunguka, akachungulia shimo la kiti, akatikisa kichwa. "Kabureta hizi Mzungu mwenyewe zilimshinda. Nani kazipatanisha?"

Baba akaninyooshea kidole. Mzee akanitazama toka kwenye grisi ya kucha mpaka kwenye pamba za nywele. "Marahaba, binti," akasema. Kisha kwa baba: "Jumatatu njoo uchukue funguo za karakana. Viti nitavitafutia mtu mwingine."

Sitajaza tena kiti kwa pamba mbegu, hilo hata msinikumbushe. Lakini kiapo changu hasa ni kingine, maana nimeona kuwa aibu ya kumwambia baba peke yake "sikwenda kwa fundi magodoro" ingekwisha kabla chai haijapoa. Jumamosi iliyopita nilikuwa naye karakanani, tunafunga injini ya lori, madereva sita wamesimama wanatutazama, na miguu yangu ikaanza mambo yake. Nikasema hivyo hivyo, wote wakisikia:

"Baba, kuna nati moja sijaikaza."

"Ipi?" akauliza, akanipa spana.