Safu ya Tatu

Fundi viatu hakusoma. Mkewe, aliyezoea kumwita mama, alikuwa mwalimu wa lugha ya kigeni, na kila mwisho wa muhula mwalimu mwenzake alikuja nyumbani na kaseti. Fundi alimwita Miwani, kwa sababu aliifuta miwani yake hata ikiwa safi.

Wawili hao walikaa mezani wakisikiliza wanafunzi walivyojibu maswali. Kila mmoja aliandika alama zake, mkono umefunika karatasi, mwenzake asichungulie. Kisha walifunua. Zikilingana, basi. Zikipishana, walibishana kwa lugha ile ile ya wanafunzi, na katikati ya ubishi mama angeangua kicheko.

Kicheko hicho fundi hakukijua. Kile cha lugha yao ya nyumbani alikijua. Akiwa barazani na kiatu gotini, alipiga msumari mpaka ukatokea upande wa pili.

Siku moja alimuuliza wanacheka nini. Mama akasema, "Mzee wangu, hata nikikueleza hakitachekesha." Alisema kwa upole tu. Lakini neno likamganda fundi kifuani, likawa kijiba cha moyo cha miaka kumi na tisa.

Mama akafa. Mwezi wa pili, Miwani akaja peke yake. Alitaka daftari lenye maswali ya mtihani wa kusikiliza na kuongea. Mtihani ulikuwa wiki ijayo, na wanafunzi thelathini wangeulizwa maswali ya kubahatisha asipolipata.

Daftari lilikuwa chini ya mto, upande aliolala mama. Fundi alilileta, akalikalia.

"Mwalimu," alisema, "wewe ulimpata akiwa anacheka. Mimi nilimpata akiwa amechoka. Hiki kilichobaki niachie."

Miwani alifuta miwani yake. Hakubisha. Aliomba aone ukurasa mmoja tu, fundi akiwa ameushika mwenyewe.

Fundi akafungua. Akaona maswali, na kando yake safu tatu za alama. Ya kwanza, Miwani alisema, ni yake. Ya pili ni ya marehemu. Fundi akaiwekea kidole ya tatu, yenye vema na mikato.

"Hii ya nani?"

"Yako, kaka."

Fundi akadhani anataniwa. Kisha akakumbuka. Jumapili baada ya chakula, mama alimpangia picha nne, akamsomea maneno yasiyoeleweka, akamwambia, "Chagua." Naye alichagua, huku akinung'unika kwamba anafanywa mtoto. Akipata, mama aliandika kitu. Akikosa, aliandika kitu.

Miwani akaeleza. Swali ambalo mtu asiyejua hata neno moja analipata, halipimi lugha. Labda picha moja ni kubwa kuliko nyingine, labda jibu linajitangaza lenyewe. Mwanafunzi anapewa alama za bure. Kwa hiyo kila swali lilipita kwanza kwa fundi. Alilopata yeye, lilifutwa.

"Maswali mengi aliyoyafuta ni ya kwangu," Miwani alisema. "Nikimwambia hili zuri, liache, anasema, mume wangu amelipata, limekufa. Halafu anacheka. Wewe ulikuwa nje unagonga viatu, na mimi nilikuwa ndani nakuonea wivu."

Kijiba cha fundi hakikutoka, ila kilijisogeza kidogo, kama mtu anayempisha mwenzake kwenye benchi.

Alifungua ukurasa wa mwisho. Safu ya tatu ilikuwa tupu, mistari kumi na mmoja. Mama hakuwahi.

"Leta hizo picha," alisema. "Nisomee."

Miwani alizitoa picha kwenye mkoba wake, akasoma. Maneno yalikuwa yale yale, sauti si ile. Fundi alikosa la kwanza, la pili na la tatu. La nne alilipata: mtu mwenye mwavuli, ndiye pekee aliyetazama juu. Miwani akachukua kalamu alifute.

Fundi akamshika mkono, akamnyang'anya kalamu. Akalikata mwenyewe, mkato mrefu uliopinda, mpaka karatasi ikatoboka.

Walipomaliza la kumi na moja alilifunga daftari kwa kamba ya kiatu, akampa.

"Ijumaa ulirudishe," alisema.

Miwani alipofika mlangoni, fundi alimwambia neno moja zaidi: kuanzia sasa akitunga swali, asimpelekee mtu mwingine.