Ndege ya Wagonjwa na Viazi vya Mutuma

Naikumbuka vizuri siku niliyojiona nina akili kuliko watu wote wa Timau. Ilikuwa Jumanne, nami nimekaa katika karakana yangu ya kufuma sweta za shule. Mwanangu, nakuita hivyo ingawa nina miaka thelathini na mbili na mvi moja tu. Mvi yenyewe niliipata wiki hiyo, kwa hiyo nisikilize.

Nilikuwa na wafumaji sita. Makato ya bima ya serikali nilikuwa nikilipa kila mwezi, lakini bima hiyo hailipi yote, nami nilitaka kuwaongezea bima ya kampuni, ili mtu akiugua tusianze kupitisha bahasha ya mchango kanisani. Kuna watu huchagua bima kwa sababu wakala ni shemeji yao. Mimi nimesoma chuo kikuu. Siamini kipimajoto kabla sijaona cha pili. Nililinganisha kampuni tatu, nikachora jedwali lenye safu kumi na nne, kisha nikamwita wakala, kijana mpole kutoka mji wa Kanja anayeitwa Nyaga. Nilimhoji tangu chai ya saa nne hadi chakula cha mchana. Nilimuuliza maana ya ajali. Nilimuuliza maana ya jino. Alipoomba maji, nikamuuliza kama kiu inalipiwa.

Mwishowe nikachagua bima iliyong'aa zaidi: miwani, meno, ukumbi wa mazoezi Nairobi, na ndege ya kubeba mgonjwa mahututi. Nikawaita wafumaji ili nitie saini mbele yao, wapige makofi.

Hawakupiga. Mama Karambu, aliyenifundisha kazi hii na ambaye huniita Digrii akichoka nami, aliendelea kushona shingo ya sweta.

"Digrii, hiyo ndege itatua wapi?"

Nikamwonyesha uwanja ulio ng'ambo ya barabara.

"Hapo ni viazi vya jirani yetu Mutuma. Alimfukuza mbuzi wa pasta wetu kwa sababu ya mstari mmoja wa viazi. Ndege yako itarudi Nairobi na jembe mkiani."

Wote walicheka, hata Nyaga. Kendi, mmoja wa wafumaji, peke yake alikuwa akitazama sakafu. Mama Karambu alimwona, akaweka sindano chini, akaniuliza bima hiyo inaanza lini kulipia kujifungua. Nikafungua jedwali, safu ya tisa: baada ya miezi kumi. Nikasema haitusumbui, kwani hapa hakuna mjamzito.

Mama Karambu alimwelekezea Kendi kidevu. Unaijua baridi yetu, mwanangu. Kila mtu anavaa sweta mbili na koti juu. Hata mimi naonekana nimebeba mapacha. Tena mwanamke wa huku hamtangazii bosi mimba, sembuse bosi atakayedai ushahidi. Kendi alikuwa na miezi saba. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji, na mumewe akauza ng'ombe wao wa pekee ili walipe hospitali na kuruhusiwa kurudi nyumbani. Safari hii hapakuwa na ng'ombe.

"Mtoto wa nasari hatumfumii sweta kabla hajaletwa kupimwa," Mama Karambu alisema polepole. "Sisi umetupima lini?"

Nililitazama jedwali langu. Safu kumi na nne, na hakuna hata moja yenye jina la mtu. Nikamgeukia Nyaga, na kwa upole ambao koo langu halikuuzoea nikamuuliza kama tunaweza kuondoa ndege, miwani na ukumbi wa mazoezi, tupewe uzazi bila kusubiri na hospitali ya hapa karibu.

"Inawezekana. Vikundi vingi huchukua hivyo."

"Na asubuhi yote hukuniambia?"

"Hukuuliza, bosi."

Nadhani jibu hilo alikuwa ameliweka akiba tangu nilipomuuliza maana ya jino.

Tukaanza upya, mmoja mmoja. Mama Karambu alitaka kifua chake kitibiwe, maana vumbi la nyuzi limemkaa. Mwingine alitaka dawa za sukari za mumewe. Wa tatu alitaka tu kliniki inayofunguliwa Jumamosi. Sikuacha ukorofi wangu wote: nilidai neno la uzazi liandikwe kwenye mkataba, nikapiga simu hospitalini kuhakikisha kadi ya bima hiyo wanaipokea. Wanaipokea.

Kendi alijifungua kwa upasuaji tena, akarudi nyumbani bila kuuza kitu. Mtoto alipoletwa karakanani, Mama Karambu alimpima kwa utepe, bega hadi bega, huku akinitazama mimi.

Kwa hiyo, mwanangu, ukitaka kuwakatia watu wako bima, mshuku wakala, ishuku kampuni, soma hata yale maandishi madogo. Lakini kwanza kaa na wafanyakazi wako, uwaulize nyumbani kwao huugua nani, na hutibiwa wapi. Asiyetaka kukueleza mbele ya watu, mtafutie mama anayemwamini, amwambie yeye. Mungu abariki kazi ya mikono yako, awape watu wako kifua safi na watoto wanono, na akujalie mtu wa kukuita Digrii pale unapostahili.